Snider za Seyyid Barghash: nguvu ilikaa kwenye ganda

Mwaka 1877 Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza kuunda jeshi la mtindo wa Kizungu, akamkabidhi Luteni Lloyd Mathews, ofisa wa manowari za Kiingereza. Uingereza ikalipa jeshi hilo bunduki za Snider. Tutazame zilivyofanya kazi, maana siasa yake imo ndani ya chuma.

Gobore hujazwa kwa mdomoni. Mpiganaji humimina baruti, hutia risasi, huishindilia kwa mdeki, kisha huweka fataki. Mjuzi hupiga mara tatu kwa dakika, na wakati wa kujaza hana budi kusimama mbele ya adui.

Mmarekani Jacob Snider hakuunda bunduki mpya. Alichukua gobore la Enfield la 1853, akakata kipande cha nyuma ya kasiba na kutia kifuniko cha chuma chenye bawaba upande wa kulia. Askari hufungua kifuniko, hukivuta nyuma ili ganda tupu la risasi lichomoke, huipindua bunduki lianguke, hutia risasi nyingine na kufunga. Mara 10 kwa dakika, hata akiwa amelala kifudifudi. Uingereza iliipitisha mwaka 1866 kwa sababu silaha zilizokwishajaa maghalani ziligeuzwa kwa gharama ndogo.

Lakini kifuniko peke yake kisingefaa. Bunduki nyingi za awali za kujazwa nyuma zilivujisha moto usoni mwa mpigaji. Dawa ilikuwa ganda la shaba la Kanali Edward Boxer, lililobeba baruti, risasi na fataki pamoja. Baruti ikilipuka, ganda hutanuka na kuziba mwanya wote.

Hapo ndipo mamlaka yalipohama. Gobore hulishwa baruti yoyote na risasi iliyoyeyushwa nyumbani. Ganda la Boxer lilihitaji kiwanda kama cha Woolwich, Uingereza. Aliyepewa Snider bila uhakika wa maganda alipewa rungu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulifuata mantiki hiyohiyo: ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa gumegume, yaani gobore la jiwe la cheche, na baruti ya kawaida.

Mwalimu wa historia, uwe Mlandege au Makunduchi, unapofundisha jinsi dola za pwani zilivyodhoofika, usiishie kuhesabu bunduki. Waulize wanafunzi wako risasi zilitoka kwa nani.