Ziwa, Mto na Jiko la Makala: Uhakiki wa Filamu ya Virunga

1.0 Utangulizi

Filamu ya matukio halisi iitwayo Virunga, iliyoongozwa na Mwingereza Orlando von Einsiedel na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mnamo Aprili 2014, imekwisha kusifiwa sana. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na tangu Novemba mwaka huohuo ikaenezwa ulimwenguni na Netflix. Kwa watazamaji wengi wa mbali, ndiyo picha iwajiayo akilini Kivu ya Kaskazini itajwapo. Sifa hizo hazikutolewa bure. Hata hivyo, filamu hii huzungumzwa zaidi kama hadithi ya ushujaa wa walinzi wa hifadhi na maisha ya sokwe wa milimani. Makala haya yanaitazama kwa upande mwingine, yaani namna inavyousawiri mgogoro kati ya kuyahifadhi maji na kutafuta nishati.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba filamu inafaulu kuyatetea maji ya Ziwa Edward, lakini inaipa nishati sura moja tu, ile ya tamaa ya mgeni. Kwa kufanya hivyo inauacha nje ya picha mji wa Goma, ambao kila siku huhitaji moto wa kupikia na umeme wa kusukumia maji. Upungufu huo si wa taarifa peke yake. Ni upungufu wa fani, nao unaudhoofisha ujumbe wenyewe.

2.0 Muundo na Wahusika

Filamu inaanza kwa mazishi ya mlinzi wa hifadhi, kisha inapitisha haraka historia ya Kongo tangu ukoloni. Baada ya hapo hadithi inabebwa na wahusika wanne: Emmanuel de Merode, Mbelgiji aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi, André Bauma, mlezi wa sokwe yatima katika Kituo cha Senkwekwe huko Rumangabo, Rodrigue Katembo, ofisa wa hifadhi aliyewahi kutumikishwa vitani akiwa mtoto, na Mélanie Gouby, mwandishi wa habari kutoka Ufaransa.

Mgogoro mkuu ni kati ya hifadhi na kampuni ya Kiingereza ya SOCO International, iliyokuwa na kibali cha kutafuta mafuta katika eneo lililochukua sehemu ya hifadhi pamoja na Ziwa Edward. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925, ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979, na tangu 1994 ikahesabiwa miongoni mwa urithi ulio hatarini. Katembo na Gouby wanatumia kamera za siri kunasa mazungumzo yanayodokeza hongo na njama. Kampuni iliyakanusha madai hayo. Wakati huohuo vita vya M23 vya mwaka 2012 vinasogea hadi Rumangabo, na Goma inatekwa mwezi Novemba.

Hapana shaka kwamba muundo huu una nguvu. Nyuzi tatu, yaani sokwe, vita na mafuta, zinasukwa pamoja hadi mtazamaji hawezi kuutazama mmoja bila kuuona mwingine. Tukio la nje ya filamu liliuongezea uzito: tarehe 15 Aprili 2014, siku mbili tu kabla ya onyesho la kwanza, de Merode alipigwa risasi katika barabara ya Goma kwenda Rumangabo, akanusurika.

3.0 Ziwa Kama Mhusika

Ufanisi mkubwa wa filamu ni kulifanya ziwa kuwa mhusika anayeweza kudhulumiwa. Ziwa Edward haliwi pambo la mandhari. Ni chakula cha wavuvi na ni maji ya viboko na ndege, na lina vijiji kama Vitshumbi ambavyo maisha yake yote yanategemea nyavu. Aidha, ziwa hilo ni la Kongo na Uganda kwa pamoja. Maji yake hutoka kwa Mto Semliki hadi Ziwa Albert, na kutoka huko huingia Mto Nile. Kwa hiyo uchafu utakaomwagika hapo hautasimama kwenye mpaka kungoja pasipoti.

Utetezi huo ulizaa matunda, japo matunda yenyewe yalikuwa na masharti. Mnamo Juni 2014 kampuni ilikubaliana na shirika la WWF kwamba, baada ya kumaliza uchunguzi wa mitetemo ziwani, haitachimba isipokuwa UNESCO na serikali waridhike kwamba uchimbaji hauendi kinyume na hadhi ya urithi wa dunia. Mlango ulirudishwa, haukufungwa kwa ufunguo. Mwaka 2022 serikali ya Kongo ilitangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, na baadhi vikagusa hifadhi. Zabuni ya mafuta ilifutwa Oktoba 2024. Ni dhahiri kwamba swali lililoulizwa na filamu halikujibiwa mwaka 2014.

4.0 Asiyekuwapo na Lake Halipo

Kwa nini swali hilo hurudi kila mara? Hapa ndipo upungufu wa filamu unapojitokeza. Miongoni mwa wahusika wanne hayumo mvuvi, hayumo mchoma makala, wala hayumo mama wa nyumbani wa Goma. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mahitaji ya watu hao yanapokosa msemaji, nishati inabaki kuwa jambo linalotakwa na wageni tu, na hifadhi inakuwa jambo la kukataa tu.

Hali ilivyo ni tofauti. Mji wa Goma, wenye watu zaidi ya milioni moja, hupika hasa kwa makala. Inafaa kueleza kwamba neno hili, ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hulielewa kuwa ni andiko kama hili, katika Kiswahili cha Kongo ni makaa ya miti. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala hayo imetoka katika misitu ya hifadhi. Filamu yenyewe inabeba ushahidi wa jambo hilo bila kuufuatilia. Ndakasi na Ndeze, yatima mashuhuri wa kituo cha Bauma, waliokolewa mwaka 2007, mwaka ambao sokwe kadhaa waliuawa na mauaji hayo kuhusishwa na biashara haramu ya makala. Filamu inawapenda yatima, lakini haiufuati mnyororo wa uyatima wao hadi kwenye jiko ambalo maharagwe huchemka kwa saa nyingi.

Na msitu ukikatwa, maji nayo hupungukiwa. Ardhi iliyovuliwa miti haishiki mvua. Udongo hushuka mtoni, na mto huupeleka ziwani. Kwa maana hiyo jiko la makala linaligusa Ziwa Edward kama vile mtambo wa kuchimba mafuta ungeligusa, ingawa polepole na bila kishindo. Mwongozaji aliyekusudia kulitetea ziwa alikuwa na sababu ya kifani ya kuingia jikoni.

5.0 Ulinganisho na Filamu ya Makala

Kwamba jambo hilo linawezekana katika sanaa kunathibitishwa na filamu nyingine, Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyotuzwa katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Mandhari yake ni Kolwezi, mbali sana na Goma, lakini shida ni ileile. Gras anamfuata mtu mmoja tu, Kabwita, tangu anapouangusha mti kwa shoka, anapojenga tanuri la udongo, hadi anapoisukuma baiskeli iliyolemewa na magunia kwenda mjini. Njiani anagongwa, anatozwa, na bei sokoni haifiki gharama ya mabati anayoyaota.

Gras hatoi hotuba juu ya mazingira. Hata hivyo mtazamaji anafahamu kwamba mti hauanguki kwa ujinga wala kwa uovu. Kolwezi ndiko unakoishia mkondo wa umeme wa Inga–Shaba, wenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi. Umeme unafika kwa nyaya na makala yanafika kwa baiskeli katika mji mmoja. Ukinzani huo unaeleza zaidi kuliko takwimu nyingi.

Filamu ya Gras nayo ina upungufu wake. Inauonyesha mzigo bila kumwonyesha aliyeupanga, na hatima ya msitu inaachwa kando. Virunga inamtaja mwenye nguvu na kumsahau mwenye jiko. Makala inamkumbatia mwenye jiko na kumsahau mwenye nguvu. Kazi inayosubiriwa juu ya Goma ni ile itakayowaweka wote wawili katika picha moja.

6.0 Mto Unaozalisha Umeme

Matukio yaliyofuata yameonyesha kwamba hata hifadhi yenyewe haikuridhika na kukataa tu. Mwaka 2013 ilianza kuzalisha umeme wa maji huko Mutwanga, na Desemba 2015 kituo cha Matebe katika Mto Rutshuru, chenye uwezo wa megawati 13 na ushei, kilizinduliwa. Maji huchepushwa mferejini, huzungusha mitambo, kisha hurudishwa mtoni. Mto Rutshuru humwaga maji yake katika Ziwa Edward. Ziwa lililotetewa dhidi ya mafuta ndilo linalopokea maji yaliyokwisha kutoa umeme. Baadaye umeme huo ulifika Goma.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba milima ya volkano imeyagawa maji ya nchi hii. Maji anayokunywa mtu wa Goma hutoka Ziwa Kivu, ambalo huteremka kwa Mto Ruzizi hadi Tanganyika na mwishowe Bahari ya Atlantiki. Maji yanayowasha taa yake kutoka Matebe huenda kwa Nile hadi Mediterania. Mji mmoja unategemea mabonde mawili. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipouteka tena, nyaya za umeme ziliharibiwa, pampu zikasimama, na watu wakashuka na madumu kuchota maji ya ziwa yasiyosafishwa. Mji uliopoteza watu kwa maelfu katika kipindupindu cha mwaka 1994 unafahamu maana ya tendo hilo. Hapo maji na nishati havikuwa mahasimu. Kimoja kilipokatika, kingine kilikatika pia.

Ziwa Kivu linaongeza fundisho jingine. Vilindini mwake mna kilomita za ujazo 60 hivi za gesi ya methani, na kaboni dayoksaidi nyingi zaidi. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 umekuwa ukizalisha umeme kwa methani hiyo tangu 2016. Kuitoa gesi kunaweza kupunguza hatari ya mlipuko kama ule wa Ziwa Nyos nchini Kameruni mwaka 1986. Lakini maji yaliyokwisha kutolewa gesi yakirudishwa katika kina kisichofaa, matabaka ya ziwa huvurugwa. Suala hapa ni namna ya kufanya na nani anayesimamia, wala halimalizwi kwa ndiyo au hapana.

7.0 Hitimisho

Virunga itabaki kuwa filamu muhimu. Ilisema jambo la kweli kwa ujasiri, na waliolisema walihatarisha maisha yao. Kosa lake ni kuuchora mgogoro kama ugomvi wa pande mbili, mlinzi na mporaji, ilhali upande wa tatu, ule wa sufuria na dumu, ndio wenye watu wengi zaidi. Anayeombwa auache msitu na asiguse mafuta ana haki ya kuuliza atapikia nini kesho. Hifadhi ilianza kumjibu kwa mto. Sanaa bado haijamjibu. Mhakiki na mwanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao hapa, kwa kuwa swali hilo huulizwa kila siku katika Kiswahili cha Goma, katika foleni za maji na sokoni penye magunia ya makala. Msanii atakayelisikiliza huko atakuwa na hadithi ambayo kamera ya mwaka 2014 iliipita njiani.