Pua na Mgongo wa MiG-21

Ukitaka kuijua MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, ni ya kizazi kipi, usihangaike na maandishi ya ubavuni. Itazame pua, kisha mgongo.

Pua yake ni tundu la kuvutia hewa, na katikati ya tundu imechomoza koni. Koni hiyo husogea mbele na nyuma, ili hewa inayoingia kwa kasi kuliko sauti ipunguzwe mbio kabla ya kufika kwenye injini. Kwenye toleo la F-13 la mwaka 1960 koni ni nyembamba, na ndani mna rada ndogo ya kupimia umbali tu. Rubani aliwinda mchana, kwa macho yake. Wasovieti wakataka ndege ya usiku na mawingu, yaani rada kubwa, na nafasi ya kuiweka ilikuwa ndani ya koni ileile. Basi kwenye toleo la PF koni ikanenepa. Lakini koni ikinenepa huziba njia ya hewa, kwa hiyo na tundu likapanuliwa, na sehemu yote ya mbele ikachongwa upya. Kwa kazi hiyo mimi nawavulia kofia: kifaa kimoja kinatuliza hewa na kuficha rada, wala umbo halikuharibika.

PF hiyohiyo iliondolewa mzinga, kwa imani kwamba makombora yanatosha. Hayakutosha. Toleo la MF likarudishiwa mzinga wa milimita 23, wenye mitutu miwili, tumboni.

Mgongo ni habari ya mafuta, maana ndege hii haikuwahi kuyashiba. Kwenye toleo la SMT ulivimba hadi karibu na mkia. Ndege ikaruka mbali zaidi, lakini ikapoteza utulivu angani. Toleo la bis la 1972 likapunguziwa nundu na kupewa injini ya R25, yenye msukumo wa kilo 7,100 hivi, ilhali ile ya F-13 ilikuwa na 5,740.

Kilichopotea njiani ni kioo cha rubani. Cha F-13 kilifungukia mbele, kipande kizima, na rubani akijirusha kilitoka naye kumkinga na upepo. Baadaye kikafungukia ubavuni, na mgongo ukamzibia rubani nyuma, hata akawekewa periskopu juu ya kichwa.

China ilianza kuiga F-13, ikaiita J-7. Ndiyo maana J-7 za kwanza za jeshi la Tanzania, JWTZ, zilikuwa na pua ile nyembamba.