Nani anayaita maji? Juu ya silabusi zetu na matundu ya jani

Bandugu wa promosheni zote, kuna silabusi ya biolojia inayozunguka hapa Kamina, fotokopi juu ya fotokopi. Juu ya stomata, yale matundu madogo ambamo jani linapitishia hewa na mvuke, inasema neno moja tu: seli linzi zikijaa maji, tundu linafunguka, zikipungukiwa, linafunga. Si uongo. Lakini maelezo hayo yanaishia katikati ya njia. Nani ameyaita maji?

Jibu si jipya. Mwaka 1968 R. A. Fischer alionyesha kwamba seli linzi zinavuta potasiamu wakati tundu linafunguka. Mwaka 1984 Julian Schroeder, Rainer Hedrich na Julio Fernandez wakapima, katika seli linzi za Vicia faba, milango midogo inayochagua potasiamu: ndiyo inaitwa chaneli. Mwanga ukigusa jani, pampu za seli zinasukuma protoni nje, ndani kunazidi kuwa na chaji hasi, milango inafunguka, potasiamu inaingia. Maji yanafuata nyuma. Wakati wa ukame, homoni inayoitwa asidi absisiki inaleta kinyume: chaneli zingine zinatoa potasiamu, na maji yanatoka nayo.

Shambani tofauti hii ni kubwa. Mwenye kushika ile sentensi moja ataona tundu limefunga, ataliita uchovu. Lakini angalia muhogo wetu wakati wa kiangazi: hewa ikikauka, unafunga matundu mapema, mbele jani halijanyauka. Hiyo ni kazi, si udhaifu.

Na kazi hiyo inaomba potasiamu. Ni ile K ya mwisho kwenye mfuko wa NPK. Iko pia katika majivu ya jikoni tunayomwaga kando ya njia. Mmea ukiikosa, unashindwa kuongoza matundu yake vizuri. Sasa mkulima analeta mahindi ambayo majani yake ya chini yameungua kandokando, dalili inayojulikana ya kukosa potasiamu. Agronomu aliyefundishwa maji tu atamujibu nini? Ngoja mvua.

Bale munafundisha, ongezeni mistari mitano tu. Na bale munasoma, mukiambiwa maji yameingia, ulizeni: nani ameyafungulia mulango?