Elimu ya Kujitegemea na Mtoto wa Kasulu

Kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, kilitoboa jambo kubwa: kwamba shule tuliyorithi kwa wakoloni ilimtenga mtoto na wazee wake, ikamfundisha kuona jembe ni aibu na kalamu ni ubwana. Hilo ni kweli hata leo. Lakini kitabu kizuri nacho hupimwa, na mizani yetu tuitundike mbali na pwani, huko Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma.

Je, mtoto wa Buha ataelezwaje maana ya tabaka? Kijitabu kinamwonyesha msomi anayemdharau mkulima. Hakimwonyeshi ng'ombe wa kwao. Zamani za Wami wa Heru na Muhambwe, asiye na ng'ombe alipewa na mwenye nao kwa desturi ya ubugabire. Akapata maziwa, naye akalipa kwa utumishi na utii. Mamlaka ya machifu yaliondolewa kisheria mwaka 1963. Wala hakimwelezi habari ya manamba. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini chini ya Mwingereza nchi ile iligeuzwa ghala la vibarua: kodi ilidaiwa, mazao ya kuleta fedha yalikuwa haba, basi wanaume wakaja Tanga kukata mkonge, wakaandikwa kwa namba.

Jina hilo sisi wa pwani twalijua, na mara ngapi limetumika majumbani kama tusi! Mtoto alisikiaye hivyo amekwisha fundishwa tabaka kabla ya kwenda shule, tena vibaya. Hudhani umaskini wa Muha ni tabia yake, kumbe una sababu na tarehe.

Mwalimu alitaka mtihani usiwe mfalme, na shule ya msingi iwe elimu kamili. Mwaka 1977 milango ya shule hizo ilifunguliwa kwa watoto wote, lakini nafasi za sekondari zilibaki chache, na mtihani wa darasa la saba ukabaki tundu la sindano. Shamba la shule nalo mara nyingi likawa amri, hata adhabu. Aliyeanguka akaambiwa hakujitahidi.

Yapasa mtoto aambiwe mambo mawili pamoja: juhudi ni wajibu, na ngazi hazikuwa sawa. Akiambiwa la kwanza tu, aliyefaulu atatakabari na aliyeanguka atajiona duni. Akiambiwa la pili tu, atakaa kitako. Sura ya Abasa imetuonya tusimpe kisogo mnyonge anayetafuta elimu kwa kumwelekea mwenye cheo.

Basi mzazi, mwanao akikuuliza manamba ni nani, usicheke. Mweleze kodi, reli na mkonge. Kisha mwambie kwamba kamba za mkonge zilitoka katika jasho hilo.