Damu ya Kifaru kwenye Mawe ya Azraq

Mwaka 2016, timu iliyoongozwa na April Nowell wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, ilitangaza kuwa imekuta protini za wanyama kwenye zana za mawe zenye umri wa miaka 250,000. Zana hizo zilifukuliwa Azraq, nchini Jordan, mahali ambapo leo ni jangwa lakini zamani palikuwa na chepechepe. Dai hilo ni zito, na ni vyema tukague kazi yenyewe ilivyofanyika.

Kwanza walichambua. Kati ya zana 10,000 walizochimbua, walikagua kwa makini 7,000: mashoka ya mkono, vikwaruzo, ncha na vipande vyenye makali. Wakateua 44 tu kwa ajili ya kipimo.

Kipimo chenyewe ni cha kingamwili. Jiwe huloweshwa katika maji yenye amonia kidogo ili kilichonasa kwenye nyufa zake kitoke. Maji hayo hutiwa katika kitundu kimoja kwenye jeli. Kitundu cha pili hutiwa seramu yenye kingamwili dhidi ya mnyama fulani, tuseme farasi. Umeme ukipitishwa, protini na kingamwili husogeleana. Zikitambuana hushikana, na rangi ikipakwa, mstari mwembamba huonekana pale zilipokutana. Zisipotambuana, hakuna mstari. Kati ya zile 44 za Azraq, zana 17 zilitoa jibu, na wanyama waliotajwa ni farasi, kifaru, ng'ombe mwitu na bata.

Hapa ndipo penye ubishi. Wapo watafiti waliopaka mawe damu mbichi, wakayafukia, na baadaye wakaambulia dalili hafifu au wasipate kitu. Isitoshe, udongo wenyewe unaweza kulaghai kipimo. Ndiyo maana udongo uliozunguka zana nao hupimwa, na kila sampuli hujaribiwa kwa seramu isiyo na kingamwili husika. Jibu lisilopita vizuizi hivyo halifai kuaminiwa, hata likipendeza vipi.

Tusivuke mipaka pia katika kusoma matokeo. Hizo 17 kati ya 44 si kadirio la zana zote, kwa kuwa 44 ziliteuliwa makusudi. Wala mstari kwenye jeli hausemi kama kifaru aliwindwa au alikutwa amekufa. Unasema jiwe hili liligusa mwili wa mnyama wa jamii ile, basi.

Hata hivyo, hilo si dogo. Mifupa ya bata ni myembamba na huharibika upesi, na alama za kisu huharibika nayo. Jiwe likitunza habari hiyo, tunawaona watu wale wakishughulika na wanyama wakubwa na wadogo wa chepechepe ileile.

Kwa hiyo mchimbaji wa leo, awe Azraq au Olorgesailie kule Kenya, atenge baadhi ya zana kabla ya kusugua na kuosha, azishike kwa glavu, na achukue udongo wa pembeni yake. Maabara haiwezi kurudisha kilichokwisha kumwagwa na maji ya kuoshea.