Mafundi wa Madaraja Yanayoota

Katika mabonde ya Meghalaya, kaskazini-mashariki mwa India, mvua haina adabu. Kijiji cha Mawsynram hupata zaidi ya milimita 11,000 kwa mwaka. Daraja la mianzi huoza upesi, na chuma hushika kutu. Ndiyo maana wanavijiji wa Kikhasi na Kijaintia huotesha madaraja yao.

Mti wenyewe, Ficus elastica, ni wa jamii ya mkuyu, na hupandwa ukingoni mwa mto. Mizizi yake ya hewani, ingali laini, huelekezwa ng'ambo juu ya mianzi au ndani ya shina la mpopoo lililotobolewa katikati. Mianzi ikioza, hubadilishwa. Mzizi ukivuka, huzikwa ardhini ushike. Mizizi mingine husokotwa na kufungwa hadi ishikamane yenyewe. Mapengo hujazwa mawe na udongo. Kazi hii huweza kuchukua miaka 15, hata 30, na mzee anayeianza huenda asilivuke kamwe daraja lake.

Watalii hushuka maelfu ya ngazi hadi kijiji cha Nongriat kupiga picha daraja la mizizi la ghorofa mbili. Sawa, waje, na fedha waache. Lakini aliyelihitaji kwanza ni mkulima anayepeleka popoo na tambuu sokoni, kapu mgongoni, ukanda wake ukimkaza kipaji cha uso.

Hapana jiwe la msingi lenye jina la mtu, wala siku ya kukabidhi kazi. Mizizi mipya ikichomoza, lazima awepo wa kuisokota.