Mkono Mwepesi wa Saisi

Mwaka 1948, kwenye Michezo ya Olimpiki ya London, Uswidi ilitwaa dhahabu ya timu katika dresaji, yaani ule ustadi wa kumfunza farasi atembee, akimbie, ageuke na asimame kwa ishara ambazo mtazamaji hazioni. Mwaka uliofuata ilipokonywa dhahabu hiyo, ikaenda kwa Ufaransa. Hakuna aliyempiga farasi wala kumpa dawa. Kosa lilikuwa cheo. Gehnäll Persson, mmoja wa wale watatu wa Uswidi, alikuwa sajini, na kanuni za wakati ule hazikumtambua mwanajeshi asiye afisa. Wakubwa wake walikuwa wamempandisha cheo ili aweze kushindana, na michezo ilipokwisha wakamrudisha alikotoka. Siri ikafichuka. Farasi wake, nadhani, hakuwahi kujishughulisha na nyota za begani mwa mtu.

Kanuni zililegezwa kabla ya Helsinki, mwaka 1952. Persson akarudi, Uswidi ikashinda, na ikashinda tena Stockholm mwaka 1956. Huko huko Helsinki ndiko wanawake walikoruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika dresaji, na Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilikuwa imempooza miguu kuanzia magotini kwenda chini hata ikabidi asaidiwe kupanda na kushuka, akaondoka na medali ya fedha. Inaonekana farasi alikuwa tayari miaka mingi kumsikiliza sajini na mwanamke aliyepooza. Waliochelewa ni wenye kalamu.

Kisa hiki hunijia nikiwa Barabara ya Ngong alfajiri, saa ambayo nusu ya Nairobi iko njiani kwa miguu. Kutoka Kawangware watu huteremka kwa Barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, kisha hushika njia ya uwanja wa mbio za farasi na Karen. Kutoka Kibera wengine hupitia upande wa Jamhuri, wengine hukata kando ya msitu. Wamo walinzi, wamo akina mama wanaokwenda kufua, wamo vibarua wa bustani. Na wamo masaisi, watunzaji wa farasi. Asubuhi huwezi kumtenga saisi na wenzake, maana buti za mpira huvaliwa na kila mtu. Jioni ndani ya matatu utamjua kwa harufu: jasho la farasi, nyasi kavu na mafuta ya ngozi, harufu isiyotoka kwa sabuni ya kipande.

Si ajabu masaisi wengi kuishi mitaa hii. Ulimwengu wa farasi wa Nairobi umepakana na Kibera kama nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja. Uwanja wa mbio wa Ngong umekuwapo hapo tangu 1954. Jamhuri Park, ambayo wazee waliijua kwa jina la Mitchell Park, ina viwanja ambamo farasi wameonyeshwa kwa miongo mingi. Uwanja wa polo uko jirani. Kwa hiyo anayetoka Makina, ndani ya Kibera, kwenda kwenye mabanda ya farasi hatembei mwendo mrefu. Anavuka uzio tu, lakini uzio wenyewe ni mrefu kuliko unavyoonekana.

Kazi ya saisi huanza kabla farasi hajatoka nje. Huangalia kwanza chombo cha chakula: je, pumba zimebaki? Huangalia mavi, maana tumbo la farasi ni adui wake wa karibu; farasi hana uwezo wa kutapika, na gesi au chakula kikikwama utumboni anaweza kufa kwa saa chache. Kisha saisi huinama na kupitisha kiganja nyuma ya kila mguu wa mbele, kutoka gotini hadi kwenye kifundo, polepole, akilinganisha kushoto na kulia. Anatafuta joto. Ukano ulioumia huwa moto siku kadhaa kabla farasi hajaanza kuchechemea, na joto hilo hakuna mashine inayolisoma haraka kuliko kiganja kilichogusa mguu ule ule asubuhi zote za mwaka. Baadaye huinua kwato moja moja na kuchokonoa udongo na vijiwe.

Hajamaliza. Hutazama juu ya macho, kwenye vile vishimo viwili vilivyo juu ya nyusi. Vikiwa vimejaa na kuvimba, huenda ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi wadogo kuliko mbu, na unaoua wengi kati ya wanaoupata. Visubi hao hutoka jua linapozama, ndiyo maana farasi wengi wa Nairobi huingizwa ndani mapema jioni, na ndiyo maana huchanjwa. Ugonjwa huo huo ndio uliowafungia farasi wetu mlango: nchi za Ulaya zinawahofia farasi wanaotoka sehemu zenye maradhi hayo, na mpanda farasi wa Kenya anayetaka kushindana huko hawezi kumpakia wake ndegeni kama mzigo wa maua. Ustadi wa hapa umebaki hapa, ukitazamwa na wachache.

Sehemu ya kazi inayonivutia zaidi ni ile ya kumfundisha upya farasi wa mbio. Farasi wa Ngong akishaishiwa kasi bado ni kijana, na kama hakupata wa kumzalisha atahitaji kazi nyingine, vinginevyo maisha yake huwa mashakani. Wengi huwa farasi wa kupanda. Tatizo ni kwamba kila alichofunzwa kinapingana na anachotakiwa kujifunza sasa. Farasi wa mbio hufunzwa kuegemea lijamu: jokii akikaza hatamu, naye hukaza shingo na kusonga mbele. Dresaji inataka kinyume. Ukikaza kidogo, apunguze, ukilegeza, asikimbie. Mpandaji mgeni akiogopa na kuvuta, farasi huyo husikia amri aliyoizoea, naye huondoka kama risasi. Ndipo watu husema farasi ni mwenda wazimu, kumbe ametii.

Nimewahi kumtazama saisi wa Makina akifanya kazi na farasi jike wa hudhurungi aliyetoka mbioni. Hakumpanda. Alisimama katikati ya duara akiwa na kamba ndefu, farasi akimzunguka kwa umbali wa mita kumi hivi. Kila mara farasi alipoanza kuongeza mbio, nilitarajia kamba ivutwe. Haikuvutwa. Saisi aliteremsha bega la upande wa farasi, akashusha pumzi kwa sauti, akageuza kitovu kidogo kutoka alipokuwa amemwelekea, basi. Mizunguko ya mwanzo haikubadilisha kitu. Baadaye sikio la farasi la upande wa ndani likageuka likabaki limemwelekea. Kisha shingo ikashuka, akaanza kutafuna mate, mgongo uliokuwa mgumu kama ubao ukaanza kubembea. Papo hapo saisi akamsimamisha, akamsugua paji la uso, akamrudisha bandani. Mimi, kwa tamaa ya mtazamaji, nilitaka aendelee. Yeye alijua kwamba farasi hukumbuka zaidi jambo la mwisho alilofanya, na alitaka jambo hilo liwe utulivu.

Hiyo ndiyo dresaji, hata kama hakuna jaji. Ukiingia kwenye uwanja rasmi wa mita 20 kwa 60 utakuta herufi pembeni, A, K, V, E na wenzake, zilizopangwa kwa utaratibu ambao asili yake inasimuliwa kwa hadithi nyingi zisizopatana. Majaji hutoa alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila tendo, na kumi ni adimu. Katika ngazi za juu farasi hukimbia papo hapo bila kusogea, hubadilisha mguu wa kuongoza akiwa hewani, huzunguka kwa miguu ya nyuma katika nafasi ndogo kama meza. Mgeni akitazama hudhani mpandaji amekaa tu. Kumbe kila hatua imeombwa: uzito umehamishwa kwenye mfupa mmoja wa makalio, paja limegusa, kidole cha pete kimefumba kwenye hatamu kisha kikafumbua. Ngozi ya farasi huhisi nzi akitua, sembuse mtu wa kilo sitini. Xenophon, askari wa Ugiriki ya kale, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba farasi anayelazimishwa haelewi anachofanya wala hapendezi. Sijaona kitabu kipya kilichompita kwa mbali.

Farasi, kama mtu, ana upande wenye nguvu na upande mzembe. Mmoja hugeuka kushoto kwa raha na kulia kwa shida. Kumnyoosha huchukua miezi, wakati mwingine miaka, kwa mazoezi ya kwenda kimshazari ambayo Mfaransa François Robichon de la Guérinière aliyaeleza katika karne ya 18. Kazi hiyo haina sherehe. Leo bega limekaa mahali pake kwa hatua nne, wiki ijayo kwa hatua saba.

Sitaki msomaji adhani ustadi huu ni wa farasi wa bei kubwa pekee. Nenda Kawangware, stejini 46, umwangalie punda wa mkokoteni wa maji. Nyuma yake matatu inapiga honi, mbele bodaboda inakata kona bila kutazama, kando yake spika ya duka inatetemesha mabati. Punda amesimama. Mwenye mkokoteni ameingia plotini kushusha mitungi, hakuna aliyemshika, naye hasogei. Waliotunga methali kwamba shukrani ya punda ni mateke hawakuwahi kumwona huyu. Kumfikisha mnyama wa kukimbia hatari kwenye utulivu huo ni elimu ya juu, ingawa hakuna aliyeipa alama. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kuanzia 2016, kwa ajili ya ngozi iliyotakiwa Uchina, wizi wa punda ulienea hadi serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, na mwaka uliofuata mahakama ikaitengua amri hiyo. Katika hesabu hizo zote sikusikia mtu akiuliza ni miaka mingapi ya mafunzo iliyokuwa ikichunwa pamoja na ngozi. Ni kweli pia kwamba wapo wanaowachapa punda hadi migongo ikatoka vidonda. Hao hawana ufundi, wana fimbo.

Historia yetu ya farasi inamkumbuka Beryl Markham, na inastahili. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa nchini akiwa mtoto, akakulia Njoro kwenye mazizi ya baba yake, akapata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa bado msichana, farasi wake wakashinda Kenya Derby mara sita. Mwaka 1936 aliruka peke yake juu ya Atlantiki kutoka Uingereza hadi Kanada. Alifariki Nairobi mwaka 1986, akiwa anaishi kwenye nyumba iliyo katika uwanja huu huu wa Ngong. Lakini katika kitabu alichokiandika kuhusu maisha yake yumo pia mtu aliyecheza naye utotoni kwa jina la Kibii, ambaye alipotahiriwa akaitwa arap Ruta, na ambaye alifanya naye kazi ya farasi kwa miaka mingi, kisha akamfuata hadi kwenye ndege. Tunamjua arap Ruta kwa sababu Markham alimwandika. Yeye hakuandika, na hakuna aliyempelekea kalamu akamuuliza ni nini alichokiona miguuni mwa farasi wale alfajiri.

Mtu akiniambia kwamba saisi ni mfanyakazi tu na ufundi ni wa mpandaji na mkufunzi mwenye cheti, humwomba aje asubuhi aone nani anampasha farasi moto kabla mwenyewe hajafika, nani anamwambia mkufunzi kwamba leo mgongo hauko sawa, nani farasi anamlilia akichelewa. Chakula na matunzo ya farasi mmoja kwa mwezi huweza kuzidi mshahara wa anayemlisha. Hilo linajulikana na kila aliye ndani ya kazi hii, ila halizungumzwi chai ikinywewa.

Kwenye karatasi ya ratiba ya mashindano huchapishwa jina la farasi, la mwenye farasi, la mkufunzi na la mpandaji. Ninawaomba wenye vilabu na waandaaji wa maonyesho waongeze mstari mmoja, wa saisi, na wamwachie uwanja walau saa moja kwa wiki ampande yule farasi aliyemnyoosha kwa mikono yake, mbele ya jaji, kwa alama. Na wewe msomaji, ukienda Ngong Jumapili ya mbio, kabla ya kuweka pesa yako kwa jokii, mtazame anayemwongoza farasi kwa kamba. Yeye ndiye ameamka naye.